Je, mtoto mwenye usonji anahisi ulimwengu wa roho kuliko sisi? Wazazi na wenye usonji, karibuni

Baba Zawadi (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini: mtoto huyu anaona nini pale kwenye kona? Anacheka peke yake. Anakodolea macho ukuta mtupu. Anaziba masikio nyumba ikiwa imetulia tuli, na kuna chumba hakanyagi hata umbembeleze vipi. Sisi wazazi wa watoto wenye usonji (autism, hali ya tangu utotoni inayobadilisha namna mtu anavyohisi dunia na kuwasiliana) tunayajua macho ambayo watu hututupia baada ya hapo. Wapo wanaosema ni mapepo. Wapo wanaosema, kwa nia njema kabisa, kwamba huyu ni malaika, pazia kati yake na ulimwengu wa roho ni jepesi.

Mimi ni baba wa binti mwenye usonji na ni mtu wa sala. Sikuja kubomoa imani ya mtu. Nina jambo moja linalonikaa moyoni: watoto hawa kweli wanahisi mengi kuliko sisi, ila wanayoyahisi ni ya ulimwengu huu huu. Kila tunapokimbilia kuyapeleka ulimwengu wa pili, tunaacha kumsikia mtoto.

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto na akili huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 ambao ndio walioifanya hali hii ijulikane kwa jina la usonji. Wengi hukumbuka alichosema kuhusu upweke wa watoto wale. Wachache hukumbuka orodha yake ya vitu vilivyowatia hofu: lifti, mashine za kufyonza vumbi, maji yanayotiririka, majiko ya gesi, hata upepo. Yote yale yalikuwa yakivuma au kutembea, na kila mtu angeweza kuyasikia kama angetulia. Ilipita miaka 70, hadi 2013, ndipo mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani ukaandika rasmi kwamba hisi kali kupita kiasi, au dhaifu kupita kiasi, ni sehemu ya usonji. Miaka 70 ya watoto kuambiwa hakuna kitu hapo, acha kulia.

Lile la kutazama pembeni pia lina maelezo. Laurent Mottron na wenzake huko Kanada walichunguza watoto wadogo wenye usonji wanaotazama vitu kwa upande wa jicho, uso umegeukia kwingine, hasa kitu kinachozunguka au kutembea, na wakaandika matokeo yao 2007. Ukimwona mtoto namna hiyo utaapa kwamba anamwangalia mtu aliyesimama kando yako. Kumbe anaangalia feni, au kivuli cha pazia.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Mwaka 2012 Elizabeth Pellicano na David Burr walitoa nadharia ambayo imejadiliwa sana tangu hapo. Ubongo wa wengi wetu hukisia kwanza, kisha huyatumia macho na masikio kuhakiki, kama mtu anayesoma barua ambayo tayari anajua itasema nini. Wao wakasema huenda kwa mwenye usonji makisio hayo yana nguvu ndogo, hivyo dunia humfikia ikiwa mbichi. Ni nadharia tu, bado inabishaniwa. Lakini tazameni inakotupeleka. Koti lililotundikwa nyuma ya mlango hugeuka mtu gizani kwa sababu ubongo umekisia mtu. Sura kwenye wingu, jina lako unalolisikia ndani ya mlio wa maji ya bomba, yote ni makisio. Na watafiti waliowaonyesha watoto picha za vitu vinavyofanana na sura za watu walikuta wenye usonji wanaziona sura hizo mara chache kuliko wenzao. Basi ikiwa mizuka mingi huzaliwa na makisio, mtoto mwenye usonji angekuwa wa mwisho kuiona.

Naomba michango. Hasa nawaomba wenye usonji wenyewe waseme, maana sisi wengine tunasema juu yao miaka nenda miaka rudi.

Mjumbe wa Amani

Baba Zawadi, nimekusoma neno kwa neno na nakuheshimu. Ila naomba uruhusu upande wa pili.

Lisemwalo lipo. Watu wa mataifa yasiyojuana kabisa wamesema jambo moja kwa karne nyingi: kwamba wapo watu ambao akili zao hazifanani na zetu, na Mungu amewafungulia mlango mwingine. Warusi walikuwa na watakatifu wao waliotembea nusu uchi kwenye theluji na kuwakemea wafalme, na mmoja wao, Basili wa Moscow, hadi leo kanisa mashuhuri la Uwanja Mwekundu linaitwa kwa jina lake. Hao wote walikosea?

Katika huduma yangu nimemjua mtoto asiyesema kabisa, mwenye usonji. Siku babu yake alipofariki alikataa kula tangu asubuhi na akakaa kwenye kiti cha babu, kabla simu ya msiba haijapigwa. Sisemi uongo. Na tangu 2024 kuna kipindi cha sauti cha Marekani kilichosikilizwa na watu wengi mno, wazazi wakieleza jinsi watoto wao wasiosema wanavyosoma mawazo ya mama zao na kuyaandika kwa kuonyesha herufi kwenye ubao. Je, wazazi wote hao ni waongo? Mambo ya rohoni hayapimwi kwa mashine za hospitali.

Fundi wa Mawimbi

Mimi ni fundi umeme, mambo ya roho nawaachia wenyewe. Nataka kusema la chumba ambacho mtoto hataki kuingia.

Sikio la mtoto husikia mpaka mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Sisi watu wazima tunapoteza zile sauti nyembamba za juu kwanza, kidogo kidogo, bila kujua. Chaja nyingi, hasa za bei rahisi, zina kitu ndani kinachotetema na kutoa mlio mwembamba sana, na nyingine hulia zaidi zikiwa zimechomekwa bila simu. Friji lina mvumo wake. Taa za mirija za zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde pale umeme unapokuwa wa hezi 50, na ikizeeka huanza kuvuma. Mtu mzima anaingia, anasema pako kimya. Mtoto anaziba masikio.

Jaribio langu ni rahisi. Chomoa kila kitu kwenye chumba hicho, zima taa, kaa naye mlangoni mchana. Akiingia, rudishia kifaa kimoja kimoja siku tofauti mpaka umjue mhalifu.

Nyingine ni hatari, isomeni vizuri. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyohamia nyumba wakaanza kusikia nyayo, kuona watu wasiokuwepo, na watoto wakawa wamepauka na wanyonge. Tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu, likivujisha hewa ya sumu ile isiyo na harufu, kaboni monoksidi. Walipolitengeneza, vituko vikaisha. Kwa hiyo kama si mtoto tu, kama na wewe kichwa kinakugonga ukiwa ndani ya chumba hicho na unapona ukitoka nje, toeni watu wote kwanza, maswali baadaye. Mkaa, jiko la gesi, jenereta karibu na dirisha, vyote vinaweza kuua.

Mama Yusra

Nimekuwa nikisoma tu, leo naandika.

Mdogo wake Yusra ana miaka sita, ana usonji, maneno yake mwenyewe ni machache sana. Bibi yake mzaa baba alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, na alikuwa akiishi nasi. Miezi kadhaa baada ya msiba, jioni moja tukiwa na wageni, mtoto alisimama katikati ya sebule akasema: "Fungueni dirisha, nabanwa mie." Sauti ilikuwa ya bibi. Ule mvuto wa pumzi kabla ya "nabanwa", na kile kikohozi kidogo mwishoni, kama alivyokuwa akikohoa yeye, akiufunika mdomo kwa nyuma ya mkono. Shemeji yangu alianguka chini. Mimi mwili wote ulisisimka.

Ameendelea kusema hivyo mara kwa mara. Ndugu wa mume wanasema marehemu ana jambo hakulimaliza na amempata mjukuu kwa sababu mjukuu yuko wazi. Wanataka tumpeleke kwa mtu wa kuzungumza naye huyo bibi. Mume wangu hajui aamini nini, na mimi usiku silali. Mtoto akisema maneno yale nafanyaje?

SikioKali

Mama Yusra, pole sana. Kabla sijasema lolote nakuuliza, na ujibu kwa utaratibu tu: anasema lini? Nini kinatokea muda mfupi kabla? Na mkifungua dirisha kweli, anafanyaje?

Baba Zawadi, umetuita wenye usonji. Mimi ninao, niligunduliwa ukubwani. Utotoni jina langu lilikuwa "mwonaji".

Nilijua baba amekasirika kabla hajafungua mlango. Nilijua kwa jinsi funguo zilivyolia, kwa uzito wa kisigino cha kulia, kwa muda aliosimama nje kabla ya kushika kitasa. Nilijua shangazi ana homa kwa harufu yake. Watu walisema nimeonyeshwa. Kwa yule mtoto aliyemtaja Mjumbe wa Amani sikuwepo, siwezi kusema alijua nini siku ile. Ila naijua nyumba yenye mgonjwa aliye mahututi. Watu hutembea kwa vidole, mama hashushi simu mkononi, chai inachemka mpaka inakauka. Mtoto asiyesema anasikia yote hayo kwa pamoja, na kiti kitupu ndicho kinachosema kwa sauti kubwa kuliko vyote.

Pia sauti za watu kwangu zina rangi. Ya mama ilikuwa ya kahawia, na hadi leo mlio wa honi naona njano kali pembeni mwa jicho. Hali hiyo ya hisi kuchanganyika ipo hata kwa watu wasio na usonji, lakini mwaka 2013 Simon Baron-Cohen na wenzake waliwahoji watu wazima na kuikuta kwa karibu 19 katika kila 100 wenye usonji, dhidi ya kama 7 katika kila 100 wasio nao. Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba naona rangi kwa mtu anayeongea, wakasema naona nuru za roho. Wakaanza kuniletea wageni niwaangalie.

Na hapa ndipo panaponiuma. Nikisema "namwona mtu pale", nyumba nzima ilininyamazia na kunisikiliza. Nikisema "taa inaniuma macho", nikaambiwa nimezidi kudeka. Mtoto hujifunza haraka lugha ipi inasikilizwa. Nimesema kwa lugha hiyo miaka mingi, mpaka nikawa sijui tena lipi niliona na lipi nilitakiwa nione. Usiku nilikuwa naogopa kama mtoto yeyote anayeambiwa na watu wazima kwamba kweli kuna watu chumbani kwake.

Hilo la kumwita mtoto malaika linapendeza kwa anayelisema. Anayeitwa hivyo hubaki peke yake, na taa yake haibadilishwi.

TibaLugha

Natibu matamshi na lugha kwa watoto. Nimesoma maelezo ya Mama Yusra na nimeona niseme kidogo wakati tukingoja majibu yake.

Watoto wengi wenye usonji hujifunza lugha kwa vipande vizima, na hukihifadhi kipande pamoja na lafudhi, pumzi na kikohozi chake. Hukitoa baada ya siku, miezi, hata miaka. Zamani walimu walijaribu kukizima wakidhani ni kasuku tu. Barry Prizant na wenzake, katika tafiti zao za mwanzoni mwa miaka ya 1980, walionyesha kwamba marudio hayo mara nyingi yana kazi: mtoto anaomba, anakataa, anajituliza.

Kati ya wale watoto 11 wa Kanner yumo mvulana aliyekuwa akisema ghafla, "Usimtupe mbwa kutoka roshani!" Hapakuwa na mbwa wala roshani. Mama yake ndiye aliyekumbuka kwamba maneno hayo yalianza walipokuwa Uingereza, kuhusu mbwa wa kuchezea. Fikirini mama yule angekuwa hakumbuki, na nyumba iwe na watu wanaotafuta ishara.

Baba Zawadi

Namjibu Mjumbe wa Amani kuhusu kusoma mawazo, kwa sababu hili linawagharimu wazazi matumaini yao yote.

Sisemi wazazi wale ni waongo. Naamini kila mmoja wao anasema anachokiona. Lakini njia ile ina historia. Miaka ya 1970 huko Australia Rosemary Crossley alianza kuwasaidia watoto wasiosema kwa kuwashika mkono ili waonyeshe herufi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia hiyo ikaenea Marekani kwa kishindo. Watoto walioonekana hawana neno wakaanza kuandika mashairi. Kisha likafanyika jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulielewa: mtoto anaonyeshwa picha moja, msaidizi wake nyingine, na hakuna anayeona ya mwenzake. Jibu lililoandikwa likawa la picha aliyoiona msaidizi. Lilirudiwa sehemu nyingi, likatoa jibu lile lile. Mwaka 1994 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikatamka kwamba njia hiyo haina uthibitisho, na mwaka 2018 chama cha wataalamu wa lugha na usikivu cha huko huko kikaikataa pamoja na ile ya ubao unaoshikwa na msaidizi.

Wasaidizi walilia, kwa sababu hawakujua. Na ukitaka kujua inawezekanaje, rudi mwaka 1853. Ulaya ilikuwa imeshikwa na mikutano ya kuita roho, watu wanazunguka meza, wanaweka mikono juu, meza inatembea. Michael Faraday, yule yule wa sumaku na umeme, akaweka tabaka za karatasi ngumu kati ya mikono na meza, zikiwa zimegandishwa kwa gundi laini inayoweza kuteleza. Kama meza ingetangulia, karatasi zingebaki nyuma kuelekea upande mmoja. Kama mikono ingetangulia, zingeteleza kuelekea mwingine. Mikono ndiyo iliyotangulia. Watu waaminifu, wenye kuapa kwamba hawakusukuma.

Ndiyo maana mama anayeushika ubao hukuta mtoto anajua mawazo yake. Ni mawazo yake kweli. Na mtoto aliyekaa mbele ya ubao huo bado hajaulizwa anachotaka yeye. Vipo vifaa vya mawasiliano ambavyo mtoto huvibonyeza mwenyewe bila mkono wa mtu, na picha za kuchagua, na ishara za mikono. Maendeleo yake ni ya polepole na hayana miujiza. Binti yangu neno la kwanza alilolichagua mwenyewe kwa picha lilikuwa "toka", akiniambia mimi. Nililipokea kwa furaha kubwa kuliko shairi lolote.

Kuhusu imani nitaongeza kidogo tu. Mwaka 2012 Ara Norenzayan na wenzake waliandika kwamba watu wenye sifa nyingi za usonji walielekea kumwamini kwa kiasi kidogo zaidi Mungu mwenye nafsi, wakidhani ni kwa sababu kumwazia asiyeonekana kunahitaji uwezo wa kukisia nia za wengine. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, na mimi nawajua wenye usonji wacha Mungu kuliko wachungaji. Nalitaja kwa sababu tu wanaosema usonji wenyewe ni mlango wa ulimwengu wa roho hawawezi kuegemea hapo.

Nesi wa Zamu

Naomba nafasi, na naomba sana sehemu hii isipitwe.

Kifafa hutokea kwa wenye usonji zaidi kuliko kwa watoto wengine, na si kila kifafa ni kuanguka na kutoa povu. Kuna kinachoanzia sehemu moja ya ubongo: mtoto anasimama ghafla, uso wa hofu, anakodoa, pengine anatafuna mate au kuchezea nguo, dakika moja au mbili, kisha anachanganyikiwa au analala. Wanaoweza kueleza husema walisikia harufu ya kitu kinachoungua, au tumbo lilipanda, au waliona na kusikia visivyokuwepo. Dalili yake kubwa ni kufanana: kila mara inakuja vile vile. Rekodi video kwa simu umpelekee daktari wa mishipa ya fahamu, atajua kama anahitaji kipimo cha umeme wa ubongo. Kina dawa. Nimeona watoto walioombewa tangu wakiwa wachanga kwa kitu chenye dawa.

Na maumivu. Mtoto asiyesema akiumwa jino, sikio au tumbo, hapigi kelele akionyesha jino. Anaupigia kelele ukuta, anajipiga kichwa, anabonyeza tumbo kwenye ukingo wa meza. Shida za tumbo na choo kigumu ni nyingi kwa watoto hawa. Usingizi nao ni wa shida kwa wengi wao, na mtu aliyekosa usingizi huweza kuona mambo akiwa kati ya kulala na kuamka, awe na usonji au asiwe nao.

Mtoto mkubwa au kijana akisema anasikia sauti zinazomwamrisha au kumtisha, hilo nalo ni la daktari, haraka. Yapo magonjwa ya akili yanayoweza kumpata mwenye usonji kama wengine, hata kwa kiwango cha juu zaidi.

Mama Yusra

SikioKali, nimekaa na mume wangu tukaandika kila tunachokumbuka.

Amesema wageni walipojaa. Amesema kwenye gari, tukiwa watano nyuma. Amesema mara nyingi asubuhi akivalishwa shati la shule lenye kola ngumu. Alisema kanisani kwa jirani kwenye harusi, spika zikiwa karibu. Chumbani kwa bibi, ambako ndiko tulidhani hasa anasemea, hajawahi kusema hata mara moja. Sikuwa nimeliona hilo mpaka nilipoliandika.

Jana wageni walikuja tena. Akasema. Mwili ukanisisimka vile vile, sitaki kudanganya. Lakini nilimshika kidole, nikamtoa uani, nikamfungua kifungo cha juu. Alivuta pumzi, akakaa chini, akaanza kupanga mawe yake. Baada ya muda akasema tena kwa sauti ndogo, "Fungueni dirisha," bila ile sehemu ya pili.

Alimwona bibi akisema vile, na kila aliposema watu walikimbia kumsaidia.

Mama mdogo wa mume wangu bado anasema ni marehemu. Nimemwambia anaweza kumwombea marehemu, na mimi namwombea pia. Ila mtoto hatumpeleki kwa mtu.

Mjumbe wa Amani

Mama Yusra, nimesoma nikatokwa machozi. Sijaacha kuamini kwamba Mungu husema kupitia wadogo. Lakini mtoto akiomba hewa apewe hewa, hilo sina ubishi nalo.

Nina swali la kweli kwa wote. Sisi watu wa huduma tunaletewa watoto hawa. Mzazi analia, anataka mtoto aombewe. Tumfukuze?

Baba Zawadi

Usimfukuze. Lakini jua yaliyotokea. Mwaka 2003 huko Milwaukee, Marekani, mtoto wa miaka 8 mwenye usonji alikufa kwa kukosa hewa kwenye ibada ya kumtoa pepo, mtu mzima akiwa amemlalia kifuani. Aliyemlalia alitiwa hatiani mwaka uliofuata. Watu wote waliokuwa mle ndani, mama yake akiwemo, waliamini kwamba mtoto anayejitupa na kupambana ni pepo anayepinga. Alikuwa anatafuta pumzi.

Kumfunga, kumkalia, kumpiga, kumnyima chakula, kumwachisha dawa za kifafa ili imani ifanye kazi: yeyote anayeagiza hayo, ondoka na mwanao saa hiyo hiyo, awe na cheo gani.

SikioKali

Mjumbe wa Amani, nakushukuru kwa kuuliza. Nitakuambia nilivyotamani niombewe.

Zima spika. Mtu mmoja aombe, kwa sauti ya kawaida, wengine wakae. Usiniwekee mkono kichwani bila kuniuliza, na kama sisemi, nyoosha mkono mbele yangu usubiri. Nikiutaka nitausogelea, nisipoutaka basi Mungu anasikia hata ukiwa mbali. Niambie mapema itachukua muda gani na itaishaje, na iishe ulivyosema. Nisipokutazama usoni sijadharau kitu. Mara nyingi ndivyo ninavyosikiliza vizuri. Usimwambie mama yangu, mbele yangu, kwamba ndani yangu kuna kitu. Naelewa hata kama sijibu.

Na muulize mzazi kama mtoto ameshapimwa masikio, macho, meno na kifafa. Neno lako lina uzito kwake kuliko la daktari, litumie hapo.

Mama Yusra

Kipimo cha masikio ni wiki ijayo. Nesi wa Zamu, nirekodi na yale ya shati, au video ya kukodoa tu ndiyo inayotakiwa?

Nesi wa Zamu

Rekodi yote mawili, ila hakikisha video inaanza kabla, inaonyesha uso na mikono, na uache iendelee mpaka atakapokuwa sawa kabisa. Andika na saa. Akikodoa, mwite jina kwa upole kisha umguse bega. Kama anageuka, mwambie daktari. Kama hageuki, mwambie hilo pia. Na ikizidi dakika tano bila kurudi hali yake, usirekodi tena, kimbilia hospitali.